TUNDU CHAFU SI KOSA LA FUNDI

Ndugu Wafanyakazi,

Kuna jambo limezidi katika magereji. Gari likirudi gasketi ya hedi imepasuka, tajiri hatazami bolti wala tundu lake. Humtazama fundi, kisha hukata mshahara. Sisi mafundi twasema: basi!

Tajiri huuliza kwa nini injini ichukue siku nzima. Na tumjibu. Hedi ikishushwa, matundu ya bolti katika bloku hubaki na masizi, kutu, mafuta na maji ya rejeta. Spana ya kupimia nguvu haijui hedi imebanwa vipi. Hupima ugumu wa kuzungusha tu. Hata bolti ikiwa safi, nguvu nyingi huliwa na msuguano, na kama sehemu moja katika kumi tu ndiyo inayobana hedi. Meno yakiwa machafu, hata hiyo moja hupungua. Spana yasema tayari, na hedi bado imelegea.

Tundu lisilotokea upande wa pili lina hatari zaidi. Maji au mafuta yakibaki chini, bolti huyasukuma, nayo hayakubali kushindiliwa. Bloku hupasuka. Je, bloku ni bei gani, na kupuliza upepo ni bei gani?

Kazi yenyewe ni hii. Piga brashi kwa mafuta ya taa. Pitisha chombo cha kusafishia meno, siyo tepu ya kukatia, maana hiyo hula chuma na kuyalegeza meno. Funika silinda kwa kitambaa, puliza mpaka tundu likauke. Kisha ingiza bolti kwa vidole mpaka chini, ikikataa, rudia. Kwa kukosa chombo hicho, wengi wetu tumekata mifereji kwa msumeno katika bolti kuukuu yenye meno yale yale, tukaitumia. Na vumbi la upepo huo huingia machoni mwetu, siyo machoni mwa tajiri.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kukusudia la mfanyakazi. Fundi aliyeamriwa, "Funga upesi, mwenye gari anangoja," amekusudia nini? Aliyekusudia ni mwenye kuamuru.

Lakini tusijidanganye, ndugu. Wako wenzetu wanaopewa saa na vyombo, na bado hufunga juu ya uchafu. Hao humpa tajiri fimbo ya kutupigia sote.

Basi twadai mambo matatu: saa ya kusafisha ihesabiwe kuwa ni kazi, vyombo na miwani vinunuliwe na gereji, na mshahara usikatwe kabla bolti na matundu hayajakaguliwa mbele ya mjumbe wa chama.

Ukiamriwa kufunga tundu chafu, mwite mjumbe kwanza, ndipo ushike spana.

UMOJA NI NGUVU.