Walemavu na Haki ya Kufika Majini

Kila Idd ifikapo, na kila shule zifungwapo, watu wa Magongo hufanya safari moja waijuayo wote. Watoto huvikwa nguo mpya, vyakula hutiwa vikapuni, nauli huhesabiwa mara mbili, kisha jamaa nzima hupanda matatu kwenda kustarehe. Wako waishiao Makadara kwenye bembea, na wako wapendao kukaa Mama Ngina wakitazama meli zikiingia Kilindini. Walio wengi huvuka Daraja la Nyali na kushuka katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao sote twauita Pirates. Jioni hurudi wamechoka, ngozi zina chumvi, na masimulizi yake huchukua wiki nzima.

Desturi hii ni njema, wala sina neno nayo. Neno langu ni juu ya yule anayeachwa. Katika kila mtaa ziko nyumba ambazo mmoja hubaki. Habaki kwa kuwa hapendwi, la; hubaki kwa kuwa hutembelea kiti cha magurudumu, au magongo, au miguu yake haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Huambiwa kwa upole akae na bibi, ataletewa zawadi. Naye hukubali, maana amekwisha zoea kukubali. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi huyu amezaliwa kisiwani au ng'ambo yake tu, bahari aiona kila siku akipita darajani, na wingi wake hajaujua hata wa kufika magotini.

Jambo ninalotaka kulisema leo ni hili: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuingia majini na kucheza kama mwingine yeyote, na haki hiyo haitimii kwa kumbeba mgongoni. Hutimia kwa kumtengenezea njia ya kufika.

Tuitazame safari yenyewe. Kwanza ni matatu. Mlango wake ni mwembamba, kipandio chake kiko juu, na makanga ana haraka. Abiria wa kiti cha magurudumu hana budi kuinuliwa kama gunia, kiti chake kikunjwe na kutupwa nyuma, na aghalabu kidaiwe nauli yake kama mzigo. Kutoka Magongo hadi Pirates mtu hubadili gari, kwa hiyo hayo humfika mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Akishafika, hukutana na mchanga. Magurudumu membamba ya kiti cha kawaida huzama mchangani hatua chache tu baada ya saruji kwisha. Na lau angepata watu wa kumsukuma hadi ukingoni, bado hathubutu kukitia kiti majini, kwani maji ya chumvi hula vyuma na bearing zake. Kiti hicho ndicho miguu yake ya kesho. Nani atakayeitupa miguu yake ya kesho kwa furaha ya saa moja?

Huo ni ufuo wa bure. Tukienda kwenye zile bustani za michezo ya maji, ambazo watu hulipa ili waingie, tutakuta mambo si tofauti. Mombasa nayo imeyaona mambo hayo: huko Nyali ilijengwa Wild Waters, yenye mabomba ya kuteleza. Sikusudii kulaumu mahali fulani. Nasema juu ya namna vitu hivi vinavyojengwa kwa kawaida, kwetu na kwingineko. Bomba la kuteleza huanzia juu ya mnara, na mnara hupandwa kwa ngazi. Kidimbwi nacho huingiwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Chumba cha kubadilishia nguo kina mlango usiopitisha kiti, na choo kina kizingiti. Mtu atalipa langoni sawa na wenziwe, kisha akae kivulini alinde viatu vyao.

Hapa watu wema husema, "Si kitu, vijana watambeba." Nami nasema hapo ndipo penye kosa letu kubwa. Kubebwa si kufikishwa. Sisi watu wa pwani twajua maana ya sitara. Binti mtu mzima, au mama mwenye watoto wake, atabebwa vipi na vijana asiowajua, nguo zimelowa na kumgandama mwilini, watu wote wanatazama? Walio wengi huona afadhali kukaa nyumbani, nao wana haki ya kuona hivyo. Wengine husema huyu mwanamke ana kiburi, kumbe ni haya, na haya ni katika imani. Njia ya mteremko ingemhifadhi asiguswe na mtu yeyote. Kwa hiyo njia hiyo si pambo la kizungu; kwetu sisi ni sitara.

Hata mwanamume asiye na haja ya buibui ana heshima yake. Mtu mzima mwenye familia hapendi kuinuliwa mbele ya watoto wake. Na anayebebwa hukaa majini kwa muda autakao mbebaji, si kwa muda autakao yeye.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba kuogelea ni anasa, na kwamba mlemavu wa Magongo ana haja ya maji ya kunywa ya mtungi kabla hajahitaji maji ya kuchezea. Ni kweli maji ya mtungi yana shida. Lakini mbona wazima hatuwaulizi swali hilo? Hakuna amwambiaye mtoto wa jirani asiende Pirates mpaka mifereji yote itoke maji. Mlemavu peke yake ndiye tunayemtaka athibitishe dhiki yake kabla hajaruhusiwa kucheka. Tena kwake yeye maji si mchezo mtupu. Mtu aliyezama hadi shingoni hubakiwa na takriban sehemu 1 katika 10 ya uzito wake. Miguu isiyoweza kumchukua nchi kavu huenda ikamchukua ndani ya maji, na misuli iliyokaza hulegea katika maji ya uvuguvugu. Ndiyo sababu wataalamu wa viungo hutumia maji kama dawa. Kwa baadhi yao, majini ndipo mahali pekee wanapojikuta wamesimama.

La pili ni hatari. Hili ni la kweli, na halifai kupuuzwa. Asiyehisi miguuni anaweza kukatwa na mwamba au kuchomwa na miiba ya fuuma asijue mpaka aone damu; kwa hiyo huvaa viatu vya majini. Mwenye kifafa haingii bila mtu wa kumwangalia ubavuni mwake. Jaketi la kuokolea liwe ni la kumshika shingo, na waokoaji wawe wamefundishwa namna ya kumwinua mtu asiyeweza kujishika. Lakini bahari ina hatari kwa wote, na wazima wanaozama hatujawapiga marufuku wenzao. Hatari huwekewa kanuni, haiwekewi kufuli.

La tatu ni gharama. Hapa wengi hudhani pahitajika mamilioni, kwa sababu hawajauliza. Kipimo kinachokubaliwa na mafundi kwa njia ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Njia yake ya mteremko ni mita 5.4. Hiyo ni saruji ya siku mbili. Kwenye mchanga hutandikwa mkeka mgumu wa plastiki, unaokunjwa jioni na kuwekwa ghalani. Viko viti vya ufuoni vyenye magurudumu mapana yaliyojaa hewa, visivyozama mchangani wala kuliwa na chumvi. Viwili vyatosha kuanzia, watu wapokezane. Na mvuvi yeyote angewaambia lisilo na gharama hata senti: waende wakati wa maji kujaa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari hurudi mbali kuelekea mwambani. Yakijaa, mchanga wa kuvuka ni mfupi.

Wenye kujenga bustani mpya za maji kazi yao ni nyepesi zaidi. Kidimbwi kinaweza kuanza na kina cha bure kikashuka polepole kama ufuo. Uwanja ambao maji huruka kutoka sakafuni hauna haja ya ngazi hata moja. Huko Marekani, kanuni zilizotolewa 2010 zataka vidimbwi viwe na mteremko au kiti cha winchi cha kumteremsha mtu majini.

Na huko huko Marekani, mjini San Antonio, iko habari inayofaa kusimuliwa. Mjenzi wa nyumba aitwaye Gordon Hartman alikuwa na binti, Morgan, mwenye ulemavu. Walipokuwa safarini, binti alitaka kucheza na watoto wengine waliokuwa kidimbwini, nao wakatoka majini wakamwacha. Baba hakuishia kusikitika. Mwaka 2010 alifungua bustani ya michezo inayomfaa kila mtu, na 2017 akaongeza bustani ya maji. Humo hutumiwa viti visivyoogopa maji, vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya umeme, vilivyobuniwa pamoja na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwenye ulemavu haombwi kiingilio. Wazima nao huenda kwa wingi, wakacheza pamoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya matajiri wa Texas. Sheria yetu imekwisha yasema. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 champa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na vyombo vya usafiri wa umma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuidhinisha 2008, wataja waziwazi katika kifungu cha 30 mahali pa michezo na starehe, na haki ya watoto walemavu kucheza sawa na wenzao. Sheria ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 wayatengeneze, na wenye magari ya abiria miaka 2. Miaka hiyo ilikwisha, matatu zikabaki na vipandio vile vile. Sasa tuna sheria mpya ya 2025 badala ya ile. Sheria haikosekani, ukosefu ni wa mwenye kuitekeleza.

Tena sisi hatuna udhuru wa kusema hatuwajui wahusika. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata Wakenya kama 900,000 wenye ulemavu, na ulio mwingi ni wa kutembea. Hatua chache kutoka Magongo, huko Port Reitz, iko shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Upande wa Kisauni viko viwanda vya Bombolulu, vilivyoanzishwa 1969, ambako mafundi walemavu hutengeneza mapambo, nguo, vinyago na vitu vya ngozi vinavyonunuliwa na watu wa mbali. Watu wanaojua kipimo cha mlango na ugumu wa kizingiti wako hapa. Mbona hawaulizwi kabla ya msingi kuchimbwa?

Lugha yetu yenyewe ina funzo katika jambo hili. Tumesema kipofu, kiziwi, kiwete, tukayapa majina hayo "ki" ile ile ya kiti na kijiko. Lakini sikiliza: hatusemi kipofu kimekuja, twasema kipofu amekuja. Jina limemweka pamoja na vitu, kitendo kikamrudisha kwa watu. Ndivyo tutakiwavyo nasi, tuirekebishe kwa vitendo dhuluma iliyotangulia kwa maneno. Na mwenye chuo chake ameisoma Sura Abasa, anajua imeteremka kwa sababu ya nani. Ibn Umm Maktum alikuwa haoni. Naye hakuishia kuhurumiwa. Aliadhini, na Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini alimwachia Madina. Alipewa nafasi yake kamili, si sadaka ya mlangoni.

Basi ombi langu ni dogo, na serikali ya kaunti, wenye mahoteli na wenye bustani za maji waweza kuligawana. Pirates uwekwe mkeka mmoja kutoka barabarani hadi majini, viti viwili vya ufuoni, na chumba kimoja cha kubadilishia nguo chenye mlango mpana na kitanda cha kulalia, upande wa wanawake na wa wanaume. Waokoaji wafundishwe. Wenye bustani za kulipia wasidai kiingilio kamili kwa mtu wasiyeweza kumwingiza majini. Wenye matatu za Magongo watenge gari moja tu lenye kipandio cha kushushwa, siku za Idd na za likizo, tuone kama halitajaa.

Nasi wenye nyumba tuna letu. Tuache kuwaficha watoto wetu kwa kuwaonea haya, wala tusiwapangie zawadi badala ya safari. Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Mwenye miguu leo hajui kesho ataiendea bahari kwa nini, na njia atakayoikuta siku hiyo ni ile aliyokubali wenzake wajengewe leo.