Neno la Mhariri: Nani Kaamua Kifua Kikuu Hiki Ni Sugu?

Mwaka 2009 Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland, ilifanya utafiti wa kitaifa kujua kifua kikuu sugu kimeenea kiasi gani. Vimelea vilivyohifadhiwa vilipochunguzwa upya baadaye, likabainika jambo la kutia hofu. Takriban asilimia 30 ya vimelea vilivyo sugu kwa dawa kuu vilikuwa na badiliko moja la kijeni, I491F, ambalo mashine ya GeneXpert haikuweza kuliona. Mgonjwa mwenye vimelea hivyo angepimwa, angeambiwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu hizo, itamfaa, na angerudi nyumbani na vidonge visivyoweza kumponya.

Mashine haikuwa mbovu. Kipimo chake cha Xpert, kilichopitishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, kilileta nafuu kubwa: jibu la wiki nyingi likapatikana kwa chini ya saa mbili. Lakini hukagua kipande kifupi tu cha jeni iitwayo rpoB, chenye herufi 81, ambako usugu mwingi wa rifampisini hukaa. I491F iko nje ya kipande hicho. Hata kipimo cha kuotesha vimelea kwenye kimiminika mara nyingi kiliwapita wagonjwa hawa.

Ndiyo maana toleo hili linazungumzia vipimo zaidi kuliko dawa. Usugu una mpaka, na mpaka huo umewekwa na watu waliokaa wakapima ushahidi wa siku zao. Ukiwekwa pasipo pake, anayeumia ni mgonjwa.

Chukua kipimo cha zamani ambacho vipya vyote vimejengwa juu yake. Mtaalamu wa maabara hupandikiza vimelea kwenye vichupa vyenye lishe iliyotengenezwa kwa mayai, yenye rangi ya kijani kutokana na kemikali inayozuia bakteria wengine wasiote. Kichupa kimoja hakina dawa, kingine kina dawa. Kisha husubiri, kwa kuwa kimelea cha kifua kikuu hujigawa mara moja tu kwa saa 20 hivi, na wiki nne hadi sita hupita kabla makundi yake hayajaonekana vizuri: madogo, makavu, yenye mikunjo, rangi ya maziwa mazito. Hapo anayahesabu moja moja. Yaliyoota penye dawa yakifika asilimia 1 ya yaliyoota pasipo dawa, anaandika: sugu.

Asilimia hiyo 1 ilitokana na kazi ya Georges Canetti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake miaka ya 1960. Katika mapafu yaliyojaa mamilioni ya vimelea, wachache huwa wamebadilika kwa bahati hata kabla dawa haijamezwa. Wakiwa wachache sana, tiba huwashinda. Wakizidi kiasi fulani, dawa huua wanyonge na kuwaachia uwanja wenye nguvu. Waingereza waliliona hilo mapema. Katika majaribio ya streptomaisini yaliyochapishwa mwaka 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu miezi ya mwanzo, halafu vimelea vyao vikaizoea dawa. Tangu hapo ikaeleweka kwamba dawa moja haitoshi.

Afrika Mashariki ina mchango wake hapa, na unastahili kukumbukwa zaidi ya unavyokumbukwa. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kuanzia mwaka 1970 ndiyo yaliyoonyesha kwamba rifampisini ikichanganywa na dawa nyingine, tiba inaweza kufupishwa hadi miezi sita. Rifampisini ikawa mhimili. Kwa sababu hiyo, kimelea kinachoishinda rifampisini pamoja na isoniazidi kimepewa jina lake: kifua kikuu sugu kwa dawa nyingi.

Lakini tukirudi maabara, je, kichupa kitiwe dawa kiasi gani? Kwa miaka mingi kipimo cha kimiminika kilitumia mikrogramu 1 ya rifampisini kwa kila mililita. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likakipunguza hadi 0.5, baada ya kuonekana kwamba vimelea vyenye usugu wa kadiri vilikuwa vikipita bila kutambuliwa. Mgonjwa yuleyule, mwenye vimelea vilevile, angeweza kuambiwa mwaka 2020 kwamba dawa inamfaa, na mwaka uliofuata kwamba haimfai.

Hata ule usugu wa kupindukia, XDR, umebadilishiwa maana. Ulijulikana duniani mwaka 2006 kutokana na Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, ambako kati ya wagonjwa 53 walifariki 52, nusu yao ndani ya siku 16 tu tangu makohozi yao yalipochukuliwa. Wakati huo maana yake ilihusu pia dawa za sindano. Mwaka 2021 sindano zikaondolewa, zikaingia dawa za bedakwilini na linezolidi. Ipo katriji ya Xpert iliyobeba jina la XDR, nayo inapima isoniazidi, fluorokwinoloni, ethionamidi na sindano. Bedakwilini na linezolidi haizipimi kabisa. Daktari anayeisubiri imwambie kama mgonjwa wake ana XDR ya leo atasubiri bure.

Hapo ndipo wasiwasi wa jarida hili ulipo. Tangu mwaka 2022 mgonjwa wa kifua kikuu sugu anaweza kutibiwa kwa vidonge vitupu, miezi sita, badala ya mwaka mzima au zaidi na sindano zilizowaacha wengi viziwi. Ni ushindi mkubwa. Lakini tiba hiyo imeegemea bedakwilini, na usugu dhidi ya dawa hiyo mara nyingi hutokana na mabadiliko yaliyotapakaa katika jeni ya Rv0678, bila kipande kifupi kimoja ambacho katriji ingekikagua. Lazima vimelea vioteshwe au jeni zake zisomwe herufi kwa herufi, njia iliyopendekezwa rasmi mwaka 2024. Na katika vimelea vya Eswatini vya I491F, watafiti wamekwisha kukuta pia badiliko la Rv0678 linalopunguza nguvu ya bedakwilini.

Wapo wanaosema kusubiri kipimo ni kuua mgonjwa. Wana haki, na hakuna anayetaka asubiri. Aanze dawa leo. Lakini makohozi yake yachukuliwe kabla hajameza kidonge cha kwanza, yapelekwe maabara yenye uwezo wa kupima bedakwilini, na jibu limrudie daktari akiwa bado anaweza kubadili dawa. Kampala kuna maabara ya rufaa ya kimataifa, na Kibong'oto, Kilimanjaro, kuna uzoefu wa kutibu kifua kikuu sugu tangu mwaka 2009. Wizara za afya za ukanda huu zitenge fedha za kusafirisha sampuli hizo katika bajeti ileile inayonunua vidonge.