Kipimo cha sauti kwenye tanki: tukinunue, lakini kijiti kisitupwe



Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, kwenye mashamba ya mboga kuzunguka Likasi linarudi ulizo lile lile: maji yamebaki kiasi gani ndani ya tanki? Mwenye zamu ya asubuhi anasema aliiacha imejaa. Mwenye zamu ya mangaribi anasema amekuta tope tu. Motopompe inawashwa, esansi inaungua, na mwisho wa mwezi mweka hazina anaulizwa makuta ya wanamemba yalienda wapi. Nimeona koperative nzuri zikigawanyika juu ya jambo hilo. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Hakuna aliyepima, basi.

Siku hizi vijana wananiuliza kuhusu kile kipimo kidogo chenye macho mawili, ambacho wapenda elektroniki wanakitumia kutengeneza vigari visivyogonga ukuta. Kinaitwa HC-SR04. Wanataka kujua kama kinaweza kupima maji. Jibu langu ni ndiyo, na ningependa koperative zetu zikijaribu. Lakini nina masharti, na niliyajifunza kwa hasara ya watu wengine.

Kwanza tuelewe kazi yake. Kinafanya kama popo mdogo anayewinda wadudu usiku. Jicho moja linatoa sauti ambayo sisi hatuisikii, mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sikio la mtu linaishia karibu 20,000. Sauti inashuka, inagonga uso wa maji, inarudi, na jicho la pili linaipokea. Hewani, kukiwa na joto la digri 20, sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde. Kikompyuta kidogo kama Arduino kinachukua muda wa kwenda na kurudi, kinauzidisha kwa mwendo wa sauti, kisha kinagawanya kwa mbili. Maji yakiwa mita 1 chini, safari nzima haifiki hata sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde moja. Kipimo hiki kinasoma kutoka sentimita 2 mpaka karibu mita 4, na matanki yetu mengi hayapiti hapo.

Bei yake ni dola chache. Ukiongeza Arduino ya bei ndogo, waya na betri, jumla haifikii bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Mafundi pia hatukosi: kijana anayetengeneza telefone na redio kwenye soko anaweza kuunga waya hizo.

Sasa niseme ile hasara. Kiangazi kimoja niliweka kipimo hicho ndani ya tanki ya simenti ya koperative moja, yenye upana wa mita 2 kwa mita 2. Namba zilipotokea nilifurahi kama mtoto. Nikawaambia wamama wa vitunguu: hakuna tena kupanda juu na kijiti, namba inatosha. Kijiti kikaenda kwa moto wa bukari. Mama mmoja mzee akaniambia: "Agronome, mutoto wangu, kale kamashini kako na bongo." Nikacheka.

Koperative ile ilikuwa inanunua esansi kila Jumamosi, kwa kufuata namba. Baada ya majuma machache, mvuke wa maji uliingia kwenye macho ya kipimo na matone yakashika humo. Namba ikasimama kwenye nusu ya tanki. Jumamosi ile esansi haikununuliwa, juu namba ilisema maji iko. Jumatatu robine ikakauka. Esansi ilipatikana Jumatano, na miche ndani ya vitalu ilikuwa imekwisha kuungua na jua. Msimu ule wamama wale waliuza kidogo sana, na makuta ya masomo ya watoto yalitoka kwa deni. Siwezi kulaumu kipimo. Mimi njo niliondoa kijiti.

Masharti yangu njo haya.

Moja: kwa tanki, tusinunue kile cha macho mawili wazi. Kuna aina ya jicho moja lililofungwa vizuri, lenye kamba yake, linalovumilia maji. Jina lake ni JSN-SR04T. Hicho hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi, kwa hiyo kiwekwe sentimita 30 juu ya pale maji yanapoishia tanki ikijaa. Kikae katikati, kitazame chini wima. Sauti inatawanyika ikishuka. Kikiwa kando, kitapima ukuta au bomba.

Mbili: tuangalie joto. Kwa digri 35 sauti inakwenda karibu mita 352 kwa sekunde. Programu ikibaki na 343, maji yaliyo mita 2 chini yataonekana yako juu zaidi kwa sentimita 5. Kwa tanki ya mita 2 kwa mita 2, hiyo ni lita 200: bidoni 10 za lita 20 ambazo hazipo. Dawa ni nyepesi. Tusome kila siku saa 12 asubuhi, jua halijapasha tanki.

Tatu: kijiti kibaki. Mara moja kwa juma mtu apande, apime kwa kijiti chenye alama, na namba mbili ziandikwe kandokando. Zikitofautiana kwa zaidi ya vidole viwili, tuamini kijiti, tuite fundi. Na namba ikikaa ile ile siku mbili wakati watu wanateka, mjue kipimo kimelala.

Nne: namba ni ya wote. Isikae ndani ya telefone ya rais wa koperative peke yake. Iandikwe ubaoni karibu na robine, na ndani ya daftari pamoja na lita za esansi zilizonunuliwa. Hapo kila mwanamemba ataona mwenyewe kama esansi na maji vinapatana.

Najua wengine watasema: tungoje mradi utuletee mashine nzuri zaidi. Ninaandika ndani ya gazeti la shirika la msaada, na hata hivyo nasema tusingoje. Mashine iliyoletwa ikiharibika inangoja aliyeileta arudi. Hii ikiharibika, kijana wetu aliyeiunga anaifungua siku ile ile. Tuchange wenyewe, na vijana wawili, mmoja wao binti, wajifunze kuiunga na kuandika programu yake.

Wengine watasema kijiti peke yake kinatosha. Kwa tanki fupi iliyo karibu na nyumba, wana haki, msinunue kitu. Lakini kwa tanki iliyo juu ya mnara, ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anapanda ngazi kila asubuhi, kipimo kinamwepusha na hatari. Atapanda mwingine, mara moja tu kwa juma.

Kabla kiangazi hakijafika, ulizeni katika mkutano wenu ulizo moja: mwaka jana tulichoma lita ngapi za esansi, na tulipata maji kiasi gani? Kama hakuna anayeweza kujibu, anzeni na daftari na kijiti juma hili. Kipimo kitafuata.