Chembe Sahani Si Ramli

Mwaka jana nilimzika mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 39, mvutaji wa sigara tangu siku za chuo. Siku mbili kabla ya kifo chake alikwenda hospitali akilalamika kubanwa kifua. Akaambiwa ana vidonda vya tumbo, akapewa vidonge, akarudishwa nyumbani. Hakupimwa umeme wa moyo. Sababu? “Bado kijana.”

Pale msibani, tabibu mmoja alinieleza kwa shauku habari za chembe sahani. Hizi ni chembe za damu zinazoziba jeraha. Utando wa mafuta ukipasuka ndani ya mshipa wa moyo, chembe hizohizo hujenga donge linaloziba njia ya damu. Zilizo kubwa huwa kali zaidi, na tafiti kadhaa zimehusisha ukubwa wake na hatari ya kufa baada ya mshtuko wa moyo. Mashine ya kupima picha kamili ya damu huitoa namba hiyo bila gharama ya ziada. “Tungeisoma,” akasema, “tungejua mapema.”

Sikubaliani naye, wala siibezi sayansi. Kwanza, chembe sahani huvimba zikikaa katika chupa yenye EDTA; sampuli iliyongoja kwa saa kadhaa haitoi jibu sawa na iliyopimwa mara moja. Pili, hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa na maabara zote. Tatu, uhusiano unaoonekana katika kundi la maelfu hausomi hatima ya mtu mmoja. Kubwa zaidi, kijana ambaye namba yake ni ya kawaida atarudishwa nyumbani tena, safari hii kwa muhuri wa maabara.

Tunayoyajua tayari kuhusu chembe hizi yanatosha kutuaibisha. Mwaka 1988 utafiti wa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba aspirini, dawa inayozizuia chembe sahani zisishikamane, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano. Ni dawa ya bei ndogo. Lakini haiwezi kumfikia mgonjwa ambaye hakuna aliyemshuku.

Kwa hiyo nawaambia wenye dhamana: kila mtu mzima afikaye na maumivu ya kifua, awe na miaka 30 au 70, apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10. Ndivyo miongozo ya kimataifa isemavyo. Nanyi mnaoandaa bajeti, hakikisheni mashine hiyo ina karatasi, na zamu ya usiku ina mtu anayejua kuisoma.

Mwanafunzi wangu hakuuawa na ukosefu wa kipimo kipya. Aliuawa na kile cha zamani kilichobaki kimefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, kwa kuwa mvi zake zilikuwa hazijaota.