Shimo Hufungwa, Maji Hayafungwi

Wako wasemao kwamba mgodi ukisha kufungwa, shauri limekwisha. Wamekosea. Sisi wa Voi twanywa maji ya Mzima, nayo ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyosafiri chini ya ardhi. Sumu nayo hupita njia iyo hiyo.

Tazameni Shinkolobwe, Kongo, ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945. Mgodi ulifungwa 2004. Lakini urani huchukua miaka zaidi ya bilioni 4 hata ipungue nusu. Kuyasafisha maji ya chini ni kuyavuta, kuyachuja, na kurudia tena miaka mingi.

Nani alipe? Mchimbaji, tena kabla ya kuchimba! Sheria ya Madini ya 2016 yamtaka aweke dhamana. Basi tumdai, vijana. Mla nyama asitutupie mifupa kisimani.