Kamera Kandokando ya Ziwa la Kabaka

Katika nyumba za askari, iwe kambini au katika safu za nyumba za polisi, huweza kukosekana kiti cha mgeni lakini haikosekani bahasha ya picha. Picha hizo zikimwagwa mezani, jambo moja huonekana mara moja: mbingu ni pana, majani ni mapana, na watoto wamesimama katikati wakiwa wadogo kama njiti za kiberiti. Siku hizi bahasha imehamia ndani ya simu, lakini maradhi ni yale yale. Baba aliye kazini Moroto, au aliyepelekwa Somalia kama walivyopelekwa askari wengi wa Uganda tangu mwaka 2007, hupokea picha ya mwanawe akalazimika kuikuza kwa vidole viwili apate kuona kama mtoto ameota meno.

Kosa hilo si la kamera. Ni la mtu aliyebonyeza kitufe kabla ya kuamua anataka kuonyesha nini. Uamuzi huo ndio uitwao mpangilio wa picha, nao hufundishika kama kulenga shabaha, yaani kwa mazoezi ya mara kwa mara mahali pamoja.

Kwa wakazi wa Kampala, mahali hapo pako karibu. Baina ya Mengo na Ndeeba kuna Ziwa la Kabaka, ambalo halikuumbwa na mvua wala mito. Lilichimbwa kwa mikono ya watu katika miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Husimuliwa kwamba alikusudia kupata njia ya maji ya kumfikisha Ziwa Victoria siku ya hatari. Kazi hiyo ya kulazimishwa, ambayo hata wakuu hawakusamehewa, ilizidisha chuki dhidi yake, na mwaka 1888 akaondolewa katika kiti. Njia yake haikufika Victoria, ila ziwa lilibaki, nalo lina faida kubwa kwa mwanafunzi wa kamera: ni dogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu, hivyo mti ule ule huweza kutazamwa kutoka upande huu na upande ule, mwanga ukiwa mbele kisha nyuma.

Mzunguko wa kwanza ni vizuri ufanywe kamera ikiwa mfukoni. Mwenye haraka hatapenda shauri hili, lakini jicho lisilozoea huvutwa na kila kitu, na picha ya kila kitu haina kitu.

Katika mzunguko wa pili, jambo la kushughulikia ni ukingo wa ng'ambo, pale maji yanapokutana na nchi kavu. Usipolala sawasawa, ziwa huonekana kama litamwagika. Tena ukiwekwa katikati kabisa, picha hukatika vipande viwili vinavyogombana. Mchoraji Mwingereza John Thomas Smith aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya kugawa mandhari kwa theluthi: nchi ipewe theluthi moja, mbingu theluthi mbili, au kinyume chake. Simu nyingi zina mistari ya kugawa kioo hivyo, nayo huwashwa katika mipangilio ya kamera. Mtoto akisimama pale mistari inapokatana, huku uso wake ukielekea sehemu iliyo wazi, picha hupata nafasi ya kupumua. Hata hivyo, hii si amri ya jeshi. Maji yakitulia asubuhi na miti ikajiona ndani yake kama katika kioo, kukata picha nusu kwa nusu hupendeza kuliko theluthi yoyote.

Na asubuhi hapa haingoji mtu. Kampala iko karibu na Ikweta, na jua hupanda karibu wima. Huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kufikia saa tatu mwanga laini umekwisha, na adhuhuri macho ya watu huzama katika vivuli vya nyusi zao. Anayetaka nyuso afike mapema, au angoje baada ya saa kumi na moja jioni, saa ambayo yangeyange nao hurudi mitini. Kung'aa kwa maji ni mtego mwingine. Kamera huyapima maji, ikauacha uso wa mtu kuwa mweusi bila sura. Dawa ni kumgeuza mtu aukabili mwanga, au kugusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera iupime huo badala ya maji.

Kisha mpiga picha asogee. Hatua tano za kumwendea mtoto, na goti moja chini ili kamera iwe sawa na macho yake, hutengeneza picha kuliko kamera ya bei kubwa. Akiwa hapo atazame nyuma ya kichwa cha mtoto, maana hapo ndipo nguzo za umeme hupenda kuota. Ukingo wa ziwa unaopinda unaweza kuachwa uingie kutoka pembeni mwa picha, ulivute jicho la mtazamaji hadi kwa mtoto.

Zamani filamu ya picha 36 ilimfundisha mtu kufikiri, kwani kila kosa lilikuwa na bei yake. Mwenye simu ajiwekee mpaka wake: picha kumi na mbili kwa mzunguko mmoja, basi.

Wavuvi na wapita njia waombwe ruhusa kwanza. Na familia za askari zina jambo lao la ziada: lango la kambi, magari ya jeshi na silaha visiwe nyuma ya mtoto, na alama ya mahali ambayo simu huiandika ndani ya picha izimwe kabla ya kutuma.

Nyumbani, kati ya zile kumi na mbili, ichaguliwe moja. Ikichapishwa, jina la mtoto na tarehe viandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi, kwa maana wino hupenya.