Injini ya mshikaki nusura iharibu posa

Basi bwana, Desemba iliyopita nilipanda zangu Kibosho kula Krismasi. Si unajua tena, mwezi huo Wachagga wote tunakumbuka kwetu. Migombani kumejaa Prado na Harrier za kutoka Dar. Binamu yangu akatuacha hoi wote: katua na Mazda RX-8 nyekundu, imelala chini kama paka anayewinda.

Tarehe 27 tulikuwa twende Rombo kupeleka posa yake. Alfajiri, mimi na kiherehere changu, nikaona gari limeziba njia ya kumtolea mbuzi. Nikaliwasha, nikalisogeza hatua kama kumi, nikalizima. Saa mbili wazee wameshavaa makoti, binamu anapiga stata: kru-kru-kru. Kimya!

Akaletwa fundi kutoka Majengo kwa bodaboda. Hata boneti hakufungua. Akauliza tu, "Nani kaiwasha asubuhi akaizima haijapata moto?"

Nikaangalia migomba.

Msomaji wangu, injini ile haina pistoni za kupanda na kushuka, wala valvu. Ndani kuna rota, dude la chuma la pembe tatu lililovimba mbavu kama sambusa, linazunguka kwenye chumba chenye umbo la karanga. Hiyo akili ni ya Mjerumani Felix Wankel, na injini ya kwanza ya majaribio iliwaka kule NSU mwaka 1957. Mazda wakaitia kwenye gari lao la Cosmo mwaka 1967.

Utamu wake ni kwamba unazitunga kama mishikaki. Rota, ukuta wa chuma, rota nyingine, yaani nyama, kitunguu, nyama, zote kwenye shafti moja. RX-8 ina mbili, jumla sisi 1,308 tu, na bado inatoa zaidi ya farasi 200. Eunos Cosmo ya 1990 ilikuja na tatu. Ile 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na nne! MX-30 ya 2023 imebaki na moja tu, kazi yake kufua umeme wa kuchaji betri. Ila ukitaka mshikaki mrefu ujue kuna kazi: kuanzia rota tatu shafti haiwezi kuwa kipande kimoja, inabidi iungwe, la sivyo vyuma vya katikati havipiti.

Na kila ncha ya sambusa ina sili yake. Hapo ndipo uhai wa injini ulipo. Ikiwa ya baridi inamiminiwa petroli nyingi. Ukizima mapema, petroli inabaki ndani, inaosha oili kwenye sili, kompresheni inashuka na plagi zinalowa. Ndicho nilichokifanya mimi, mtoto wa mjini.

Fundi akang'oa tairi la mbele kushoto, maana plagi zimejificha huko chini. Akatoa zote nne, akazikausha, akakata petroli akapiga stata mpaka vyumba vikakauka. Ilipowaka ilitoa moshi mweupe, kuku wote wakakimbilia kwa jirani. Wakati huo wazee walishaondoka na Noah ya kukodi, wao na mbuzi na mbege.

Tulifika Mkuu saa saba. Baba mkwe, dereva mstaafu wa lori, akaomba kufungua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia, akamwangalia binamu.

"Mwanangu, hii inakula oili?"

"Shikamoo baba. Imeundwa hivyo. Kuna pampu inaidondoshea oili ndani kidogo kidogo ili sili zisilike. Natembea na galoni kwenye buti."

"Marahaba. Kwa hiyo siku binti yangu hana sukari, wewe utakuwa dukani unanunua oili?"

Wazee wakacheka mpaka mbege ikamwagika. Posa ikapokelewa, lakini kwa kuwachelewesha wenyeji tukaongezewa mbuzi mmoja.

Mbuzi huyo nimemlipa mimi.